Kompyuta Iliyovishwa Blanketi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Damari alishuka bondeni kuchota maji mtoni. Njiani alipita mbele ya kibanda cha pampu. Kibanda kilikuwa na mlango wa bati na kufuli kubwa lililoanza kuota kutu. Mtaa wao, ulio ubavuni mwa mlima juu ya Uyole, jijini Mbeya, ulipata pampu hiyo Damari alipokuwa darasa la tatu. Ilitoa maji mwaka mmoja, kisha ikanyamaza. Kamati ya maji ikatangaza neno moja tu: "Imekufa." Sasa Damari alikuwa darasa la saba. Miaka mitatu watu walikuwa wakipanda mlima na ndoo kichwani kwa sababu ya neno hilo moja.

"Katibu!" Jailos, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa nyuma na dumu, alimwita Damari. "Barua imefika ukurasa wa ngapi? Au mnangoja mpaka tuote mvi?"

"Wa sita," alijibu Damari bila kugeuka. "Na wewe umo. Nimeandika ulivyoteleza hapa na dumu ukavunjika jino."

"Ah, bwana! Jino langu lifute!"

"Halifutwi. Ni ushahidi."

Barua hiyo, ya kudai pampu itengenezwe, ilikuwa ya Mama Tumpe, mama yake Damari. Mama Tumpe hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa na daftari la jalada la bluu. Kila kamati iliposema "wiki ijayo fundi anakuja," aliandika tarehe, aliandika nani alisema, na wakati mwingine aliandika hata shati alilovaa msemaji. Alikuwa amezunguka nyumba arobaini na mbili, na watu wakamweleza taabu zao. Wengine walikuja wenyewe jioni, wakakaa sebuleni wakisimulia, na Damari, mwenye vidole vyepesi, akaandika maneno yao moja kwa moja kwenye kompyuta. Maelezo hayo hayakuwa kwenye daftari wala mahali pengine popote. Yalikuwa ndani ya ile kompyuta tu. Jumatatu iliyofuata kungekuwa na mkutano wa mtaa, na barua ilipaswa kusomwa mbele ya watu wote.

Kompyuta yenyewe ilitoka Chunya. Shangazi Devotha, dada yake Baba, aliitumia miaka mingi kwenye kibanda chake cha kuchapa na kutengeneza simu, kisha akawapa. Baba alikuwa Iringa kwenye kazi za ujenzi, kwa hiyo nyumbani ilibaki mikononi mwa wanawake watatu: Mama Tumpe, Damari na Bibi Eveline, mama yake Baba.

Bibi Eveline aliipokea kama mgeni. Kwake, kitu cha maana hakikai uchi. Redio ilikuwa na kitambaa cha kufuma, makochi yalikuwa na vitambaa, hata chupa ya chai ilikuwa nacho. Kompyuta ikafumiwa kitambaa cheupe chenye pindo la nyuzi ndefu, kilichofunika kioo pamoja na lile boksi la chuma lililo pembeni yake. Ilipofika Julai na baridi ya Mbeya ikaanza kung'ata, Bibi akaongeza blanketi.

"Chuma kinashika baridi kuliko mtu," alisema. "Mnataka kipate kichomi?"

Damari alikuwa na udhaifu mmoja. Ndani ya kompyuta aligundua mchezo wa karata. Mama alikuwa amemkataza kabisa kuugusa mpaka barua iishe. Alhamisi ile, Mama alikuwa shambani akichimba viazi. Damari aliiwasha kompyuta aandike ukurasa wa saba. Aliandika mistari minne, kisha akafungua karata. Mara akasikia fimbo ya Bibi mlangoni.

Hakuwa na muda wa kuizima. Alivuta kitambaa upesi, akakisukuma nyuma ya boksi, akatupa blanketi juu.

"Damari, Mama yako anakuita shambani. Viazi vimekuwa vingi."

"Naenda, Bibi!"

Alikaa shambani zaidi ya saa mbili. Aliporudi, sebule ilikuwa na harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Alifunua blanketi. Boksi lilikuwa la moto, huwezi kuliwekea kiganja. Kwenye kioo, karata hazikuonekana. Kulikuwa na mistari ya kijani na zambarau iliyotetemeka kutoka juu mpaka chini. Halafu kioo kikawa cheusi, na kompyuta yote ikazimika yenyewe.

Damari alikirudisha kitambaa pole pole, akakinyoosha vizuri, akaenda kuosha miguu.

Jioni Mama alipoiwasha, picha ilikuja safi. Baada ya dakika tatu mistari ikarudi, kisha giza. Mama akajaribu tena, na tena. Kila mara ilikuwa vilevile. Uso wake ulibadilika, na Damari aliyeuona alitamani ardhi ipasuke.

"Maneno ya watu yamo humu," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Mzee wa nyumba ya kumi na tisa ameshazikwa. Nitamuuliza wapi tena?"

Ijumaa asubuhi alimwita Fundi Kasian, aliyekuwa na kibanda karibu na barabara kuu. Fundi alikuja na begi kubwa. Aliiwasha kompyuta, akatazama mistari, akapiga boksi kofi mara mbili kama anapima tikiti.

"Imekufa," alisema.

Mama alisimama wima. "Umesemaje?"

"Imekufa, mama. Kioo kimekufa, na ubongo wake umekufa. Tafuta nyingine."

"Umeifungua?"

"Mimi fundi, mama. Siwezi kufungua maiti."

"Hujatoa hata skrubu moja!" Mama aliwaka. "Neno hilo nimelisikia miaka mitatu kwa watu wa pampu, na leo unaniletea ndani ya nyumba yangu? Chukua begi lako, baba. Asante kwa kuja."

Fundi Kasian aliondoka akinung'unika. Mama akampigia simu Shangazi Devotha, na Jumamosi kabla ya adhuhuri Shangazi akashuka kwenye basi la Chunya na mkoba wa bisibisi begani. Hakuna chuo kilichomfundisha kazi ile. Alipokuwa msichana alikataliwa hata kushika bisibisi, akaambiwa atajiunguza. Alijifundisha kwa kufungua redio mbovu zilizotupwa, moja baada ya nyingine, mpaka zikaongea.

"Wifi, hujambo?" alimsalimu Mama. Akamshika Bibi mikono kwa heshima, akainamisha goti. "Shikamoo, Mama. Mgonjwa yuko wapi?"

Aliiwasha kwanza, akatazama saa yake. Picha safi. Dakika ya tatu, mistari. Dakika ya tano, giza.

"Kioo hakina kosa," alisema. "Kingekuwa kibovu, kingeonyesha mistari tangu mwanzo. Hii inaanza vizuri ikiwa baridi, inachanganyikiwa ikipata joto, halafu inajizima isiungue. Inajiokoa. Kitu kilichokufa hakijiokoi."

Alibadilisha waya wa kioo kuhakikisha. Hali ikawa ileile. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akawatazama wote watatu.

"Sasa mniambie. Ilianza lini? Ilikuwa ikifanya kazi gani? Nani alikuwepo? Sitafuti mtu wa kumchapa, natafuta njia ya kuingilia. Nikikosea, naweza kugusa kitu ambacho hakina shida, na barua ikapotea."

Mama alitikisa kichwa. "Alhamisi jioni niliikuta hivi hivi."

Damari angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini alimkumbuka mzee wa nyumba ya kumi na tisa, jinsi alivyokohoa akisimulia habari ya ndoo, na jinsi alivyosema, "Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, usipunguze."

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nacheza karata. Bibi alipokuja nikaifunika ikiwa inawaka. Nikaiacha saa mbili."

Mama alifungua mdomo. Shangazi alimzuia kwa kiganja.

"Uliifunikaje? Nionyeshe kwa mikono yako."

Damari alichukua kitambaa, akakivuta, akakisukuma nyuma ya boksi kwa haraka kama siku ile. Pindo la nyuzi ndefu likaangukia juu ya matundu ya nyuma.

"Aa," alisema Shangazi. "Ndiyo hapo."

Aliichomoa kompyuta kutoka ukutani, akangoja ipoe, akatoa skrubu na kufungua ubavu wa boksi. Vumbi jekundu lilikuwa limelala ndani kama unga. Kwa nyuma kulikuwa na feni, nayo ilikuwa imefungwa kabisa. Nyuzi nyeupe zilizoingia kwenye matundu zilikuwa zimejiviringisha katikati yake kidogo kidogo, mpaka zikakaza kama kamba shingoni mwa mbuzi.

"Uzi wangu!" Bibi Eveline alishika mdomo. Kisha akashusha macho. "Na mimi niseme. Asubuhi zenye baridi kali nilikuwa naweka jiko la mkaa pembeni yake. Nilidhani naisaidia."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, uliipika! Haya, na mimi niseme yangu. Vumbi hili ni la Chunya. Niliwaletea kompyuta bila kuipuliza hata siku moja. Mimi, fundi mzima! Damari, lete pampu ya baiskeli na brashi safi ya rangi."

Wakaibeba mpaka uani, kwenye jua. Shangazi alimpa Damari mkasi mdogo na kijiti.

"Wewe ndiye uliyefunga, wewe fungua. Shika mapanga ya feni yasizunguke. Kata uzi kidogo kidogo, usivute."

Damari alikata, akachomoa, akakata tena. Alipiga brashi kwenye mapezi ya bati linalopoza ubongo wa kompyuta, na Shangazi akapuliza kwa pampu. Vumbi likatoka wingu zima, wote wakapiga chafya. Damari aliposukuma feni kwa ncha ya kidole, ilizunguka yenyewe bila kukwama.

Wakairudisha mezani, mbali na jiko, nyuma yake pakiwa wazi. Dakika tatu zikapita, kisha kumi. Kioo kikabaki safi. Nusu saa, na boksi lilikuwa la uvuguvugu tu. Shangazi alinakili barua kwenye flashi mbili, akampa Mama moja na nyingine akaitia mkobani.

"Ndaga, asante sana, wifi," alisema Mama, macho yakiwa yamelowa. Kisha akamgeukia Damari. "Na wewe, utamchotea Bibi maji ya kuoga wiki nzima."

Usiku haujaingia, Damari akamalizia ukurasa wa saba. Mama akamwambia aongeze mstari mmoja mwishoni: *Tunaomba pampu ifunguliwe mbele yetu.*

Jumatatu Mama aliisoma barua yote, tarehe kwa tarehe. Aliposoma habari ya jino la Jailos watu walicheka. Aliposoma maneno ya yule mzee, wanaume walivua kofia. Mwenyekiti wa kamati alisimama, akarekebisha koti. "Ndugu zangu, pampu imekufa, tulishasema."

"Nani aliifungua?" aliuliza Mama.

Mwenyekiti aliwatazama wenzake. Wenzake wakatazama viatu. Mwisho mmoja wao akasema kwa taabu, "Ukweli ni kwamba hatukuifungua. Ufunguo ulipotea mwezi ule ule, tukaona aibu kusema."

Kelele ziliziba masikio. Jumatano kufuli likakatwa, na mtaa mzima ukiwa umesimama pale. Chujio la pampu lilikuwa limezibwa na matope na mizizi, na waya mmoja ulikuwa umeliwa na panya. Chujio likasafishwa, waya ukabadilishwa, na kufikia Ijumaa bomba likakohoa, likatema maji ya kahawia, kisha maji meupe.

Mama Tumpe alimshika Damari bega wakati ndoo yake ikijaa.

"Umeona, mwanangu? Ungenyamaza Jumamosi, Shangazi yako angehangaika na kioo kisicho na kosa, na barua ingeungua. Hawa walionea aibu ufunguo, wakatupandisha mlima miaka mitatu. Kitu kikiharibika, aliyekuwepo aseme alichofanya, hata kama kinamwaibisha. Halafu kifunguliwe. Usikubali mtu akuambie kimekufa kabla hajakifungua, na wewe usimwambie mtu hivyo."

"Nimeelewa, Mama."

Bibi Eveline alikuwa amesimama mbele ya kibanda, akiipima pampu kwa macho toka juu mpaka chini.

"Nayo inakaa hivi hivi, kwenye baridi yote hii?" aliuliza. "Ina upana gani?"

"Hapana, Bibi!" mtaa mzima ukaitika.