Vikombe Viwili vya Mzee Ismaël

Tak. Kabla ya alfajiri Gahongayire alisikia swichi ikibonyezwa nyuma ya ukuta wa jirani. Akageuka, akalala tena. Nyumba za mtaa wa Biryogo zimebanana. Hata kikohozi huvuka.

Saa tatu asubuhi Léonidas, mwenyekiti wa ushirika wa mafundi cherehani, alibisha hodi. Tovuti yao ya kuonyesha magauni ilikuwa imezimika tena, mara ya nne mwezi huu. Alimshuku Belyse, fundi wao wa kompyuta, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akihimiza kurasa zihamishiwe kwenye seva ya kukodi. Bila shaka alikuwa anaizima ili wamsikilize. Mchana huo wangemfukuza kazi. Gahongayire alikuwa mpelelezi wa polisi kabla ya kustaafu, aje ashuhudie.

Seva yao ya sasa ilikuwa kompyuta kuukuu sebuleni kwa jirani wa Gahongayire, mzee Ismaël, aliyefiwa na mke na kuishi peke yake. Iliwekwa pale kwa sababu nyumba ilikuwa na intaneti nzuri. Walimkuta Belyse, aliyepigiwa simu saa mbili na nusu, ameshafika kutoka kwake Ndera, upande wa pili wa jiji, anaiwasha. Alidhani umeme ulikatika. Hakumlaumu mtu.

Gahongayire aliitazama saa ya umeme iliyochomekwa kwenye soketi nyingine kando ya kompyuta. Umeme ukikatika, saa ile huanza upya kwenye sifuri. Ilikuwa sahihi.

“Umeme haukukatika,” alisema. “Kompyuta ilizimwa hapa ukutani, kabla ya alfajiri. Nilisikia. Belyse alikuwa Ndera.”

Kisha akatazama meza: chai ya mnanaa, vikombe viwili, chapati zimefunikwa kwa kitambaa safi.

“Mzee, umepika saa ngapi?”

“Baada ya sala ya alfajiri, afande.”

“Belyse amepigiwa simu saa mbili na nusu. Ulijuaje utapata mgeni?”

Ismaël alinyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo.

“Nimezima mimi. Ikizimika, huyu binti anakuja. Anauliza habari za mguu wangu, anakunywa chai. Mkiihamisha, atafuata nini hapa?”

Léonidas alimwomba Belyse radhi kwa sauti ndogo. Belyse akaeleza tena, bila kinyongo: kurasa zao ni maandishi na picha tu, hazihitaji mashine yao wenyewe, seva ndogo ya kukodi inatosha. Safari hii Léonidas alikubali. Belyse alihamisha kila kitu, akachomoa waya, kisha akaketi na kummiminia mzee chai kwanza.

Ismaël alibaki ameushika ule waya.

“Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, utapita, binti yangu?” aliuliza. “Hata kama hakuna kilichozimika.”