Soseji Kiunoni mwa Mzee Hobert

Eneo la tukio halikuwa na maiti. Lilikuwa na karatasi moja nyeupe ya kufungia nyama, imetafunwa pembeni na kulowa mate, na Mzee Hobert Mullenax ameketi juu ya gogo, kofia mkononi, kama mtu aliye msibani.

Inspekta Twyla Cogar wa ofisi ya sherifu aliivuta karatasi kwa kibanio, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Rudia, mzee. Polepole."

"Nilikuwa natembea. Dubu akatokea pale kichakani. Mkubwa, mweusi, ananijia mbio. Nikaingiza mkono ndani ya koti, nikachomoa bastola, nikamlenga katikati ya macho."

"Halafu?"

"Haikuwa bastola. Ilikuwa soseji."

Twyla alikohoa. Miaka yake ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kukohoa kila anapotaka kucheka mbele ya mlalamikaji.

"Na dubu?"

"Akanipokonya, akala, akaenda zake. Hata hakunitazama mara ya pili." Ilionekana hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kwa hiyo kielelezo kikuu kimeliwa."

"Twyla mwanangu, bastola yangu imeibwa, tena ina risasi ndani. Wewe unazungumzia chakula."

Hapo alisema kweli, na kikohozi kikamwisha inspekta. Bastola iliyojaa risasi ikipotea katika milima yetu ya West Virginia, ambako kila kibaraza kina wajukuu wanaopekua kila kitu, si jambo la mzaha.

"Asubuhi ulipoivaa hukuhisi tofauti?"

"Mfuko wake wa ngozi huning'inia msumarini, karibu na mlango. Una kifuniko, na mimi huuvaa tu. Uzito ulikuwa uleule. Ulikuwa wa baridi, lakini chuma ni baridi. Baadaye ukaanza kutoa maji. Nikadhani ni jasho."

"Nani alijua unabeba bastola?"

"Hakuna. Ndiyo maana ya kuificha."

Kichaka kikatikisika. Mzee Hobert akamdaka Twyla mkono.

"Usikimbie," alinong'ona. "Ndiye huyo. Amerudi."

Akatokea Shemasi, mbwa wa mchungaji. Ni mbwa mkubwa, mweusi, mwenye manyoya mengi na mkanda mwekundu shingoni, na alikuwa akitikisa mkia mpaka kiuno kizima kinakwenda upande. Alimwekea Twyla miguu kifuani, akamhemea usoni.

Twyla nusura aanguke. Ilikuwa harufu ya rampi. Kwetu rampi haihitaji kutambulishwa. Ni kitunguu cha porini kinachochipua theluji inapoyeyuka, na mtu akikila Jumamosi, Jumapili kanisani anaachiwa benchi zima peke yake. Lakini mwaka ule baridi ilikuwa imechelewa kuondoka. Kina mama wa kanisa walikuwa wameahirisha chakula cha rampi kwa sababu hakuna aliyeona hata jani moja. Kumbe yupo aliyeona, na alizitia kwenye soseji.

"Mzee, huyu ni Shemasi."

Hobert alikunja macho. "Shemasi gani?"

"Mbwa wa mchungaji. Ndiye uliyetaka kumpiga risasi."

Mzee alinyoosha mkono, akapapasa manyoya ya Shemasi.

"Haya, huyu labda ni mbwa," alisema mwishowe. "Lakini yule wa Jumapili alikuwa dubu."

"Jumapili ipi?"

"Hii iliyopita. Kule bondeni, ng'ambo ya kijito. Alikuwa ameinama anachimbachimba. Mnene, mzee, anachechemea. Nilikuwa naye kwenye shabaha, kidole kiko tayari. Akasimama kwa miguu miwili, akajikuna makalio, akaondoka na mtoto wake."

"Alikuwa na mtoto?"

"Amembeba mkononi. Mtoto mweupe."

"Mtoto wa dubu mweusi, yeye mweupe, na anabebwa mkononi. Alikuwa na masikio?"

Hobert alifikiri. "Alikuwa na kama vishikio."

"Kwa nini hukufyatua?"

"Chafya ilinibana."

Safari hii Twyla hakukohoa. Alijikuta anamshika Shemasi mkanda kwa nguvu.

"Kesho naenda kwa Garnet kununua kubwa zaidi," Mzee Hobert alisema, akivaa kofia. "Ile ilikuwa ndogo mno. Ndiyo maana imeibika kirahisi."

Inspekta akajua kwamba muda alionao ni huo tu, mpaka kesho duka litakapofunguliwa.

Duka la bunduki la Garnet Simmons lina jiko la kuni katikati, na wanaume wa mji hulizunguka kuanzia msimu wa kuwinda kulungu mpaka msimu wa kuvua samaki, wakibishana mambo ambayo yalikwisha kuamuliwa mwaka jana.

"Nani alijua Mzee Hobert anatembea na bastola?" Twyla aliuliza.

"Ile ya siri?" Garnet alisema. "Sote."

"Sote kina nani?"

"Ungeuliza nani hakujua, tungemaliza mapema. Majira yote ya baridi alikuwa hapa kuchagua. Nilimpa ile kubwa, ya dubu. Aliifunga kiunoni, akapiga hatua mbili, suruali ikabaki nyuma. Mke wa mchungaji alikuwa mlangoni."

"Alisema hakuona kitu," mmoja alidakia.

"Alisema kwa upole," mwingine akaongeza.

"Akataka nyembamba," Garnet aliendelea. "Nyembamba ikamchoma mbavu. Akataka ya kuvaa kifundoni, akiinama kuitoa hawezi kuinuka. Mwisho akachukua ile fupi ya kukaa tumboni. Akaivaa ndani ya koti, akazunguka mji mzima akisimamisha watu na kuwauliza, 'Inaonekana?' Alimuuliza daktari wa meno huku mdomo wake uko wazi."

"Nani alimpinga?"

Wote walitazama mlangoni. Pale, mbali na jiko, ameketi peke yake karibu na dirisha lililofunguliwa makusudi, alikuwapo Denzil Teter ndani ya koti lake la kahawia. Denzil na Hobert walianza shule siku moja, na hawajawahi kukubaliana jambo lolote tangu hapo. Hakuna siku iliyopita bila wao kuonana.

Twyla akaenda kuketi kando yake. Macho yakaanza kumtoka machozi.

"Mzee Denzil, umekula nini?"

"Mayai."

"Na nini?"

"Viazi."

"Na nini?"

Denzil akafunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Umepata rampi kabla ya kaunti nzima," Twyla alisema. "Zinaota wapi?"

"Hilo hata marehemu mke wangu sikumwambia. Nipeleke mahakamani."

"Basi usiniambie ni wapi. Niambie tu kama Jumapili ulikuwa umeinama huko, na koti hilohilo, na mfuko mweupe wa dukani."

Mzee alivua kofia, akaigeuza mapajani. Wanaume waliozunguka jiko wakageuza viti.

"Nilisikia chafya," alisema. "Ya Hobert. Jioni nikampelekea Imogene wake rampi."

Jikoni kwa kina Mullenax, Bi Imogene, mke wa Hobert, alimimina kahawa kabla ya kuulizwa, akawawekea mkate wa mahindi. Mumewe aliketi mezani. Denzil alibaki karibu na mlango, kwa kuzihurumia pua za wenzake.

"Bi Imogene, naomba kutazama friza yako."

"Tazama, mwanangu. Ni soseji tupu."

Twyla alifungua. Vifurushi vyeupe vilijipanga mpaka juu, kila kimoja kimekunjwa pembe kwa namna ileile ya karatasi ya porini. Alianza kuvigonga kimoja kimoja kwa kidole.

"Utachoka," Bi Imogene alisema. "Rafu ya pili, nyuma ya njegere."

Kifurushi hicho kilipotua mezani kilitoa mlio wa chuma. Hobert akakipapasa, akageuka alikodhani mkewe yupo.

"Imogene? Wewe?"

"Mimi. Denzil alileta rampi, nami nilikuwa na nyama ya kulungu. Nilipima kwa mizani ya unga mpaka uzito ukalingana."

"Kwa nini?"

"Denzil alikuja hapa Jumapili jioni, akashindwa kushika kikombe. Siku ya pili nawe ukarudi kutoka dukani unajisifu kwamba umekaribia kuua dubu mnene." Sauti yake ilianza kukatika, akaishikilia. "Umekuwa ukitia chumvi kwenye kahawa na kuisifu. Nikavumilia. Lakini siwezi kupeleka bakuli la viazi msibani kwa kina Teter, nikawaambie mabinti zake kwamba mume wangu alidhani baba yao ni dubu. Siwezi, Hobert."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia ni macho. Ukasema unaona vizuri kuliko mimi, ukanyanyuka kwa hasira, ukaingia kabatini."

"Mlango wake unafanana," Hobert alinong'ona.

"Kwa nini soseji?" Twyla aliuliza.

"Dubu wa kweli akija, awe na cha kumpa."

Inspekta alitazama kahawa yake. "Mzee, Jumapili hakukuwa na mtoto wa dubu. Kulikuwa na mtoto wa jicho."

Hakuna aliyecheka. Hobert alikisukuma kile kifurushi mbali naye.

"Denzil, ulikuwa umbali gani?"

"Wa kukusikia unavyoshusha pumzi."

"Ningekuua."

"Ungeniua, ndiyo."

Bi Imogene alijifuta macho kwa kitambaa cha sahani. Twyla naye, ambaye wazee hawa walimjua tangu anabebwa, alikohoa, na safari hii hakuwa akificha kicheko.

"Nimekusamehe," Denzil alisema. "Ila jambo moja bado linaniuma."

"Lipi?"

"Mnene, mzee, anachechemea. Umelisema dukani mbele ya watu wote."

Hobert alinyanyuka, akapapasa kingo za meza mpaka mlangoni, akamshika mwenzake mabega na kumgeuza kwenye mwanga. Alimsogelea hadi pua zikakaribia kugusana, bila kujali rampi, akamtazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka, Denzil," alisema kwa mshangao. "Umezeeka lini hivi?"

"Wakati ulipokuwa unachagua bastola."

"Jumatatu unanipeleka kwa daktari wa macho?"

"Nitakupeleka. Madirisha wazi."

Twyla akachukua kofia yake na kile kifurushi kizito. Kuhusu wizi alisema hajaona mwizi, na yeye macho yake ni mazima. Alipokuwa akiwasha gari alimwona Mzee Hobert anatoka na fimbo kwenda porini, Denzil amemshika mkono. Bi Imogene aliwakimbilia na ule mfuko wa ngozi.

"Umejaa?" Hobert aliuliza.

"Umejaa."

Aliuvaa, akafunga koti, akamgeukia rafiki yake.

"Inaonekana?"

"Inanuka," Denzil alisema, wakaenda.