Gurudumu Lililotangulia

Gurudumu lilionekana kabla ya gari. Muuza magazeti aliliona likishuka mteremko peke yake, Jumapili, saa moja na robo asubuhi. Spoki zake, zile nyuzi za chuma, zilikuwa zikimetameta kama bwana harusi. Liliruka mtaro, likayumba, likaegemea ukuta wa duka la dawa. Muuza magazeti aliangua kicheko. Kicheko hicho kilimkaukia kinywani alipoliona gari lenyewe likija nyuma kwa ubavu, chuma kikikwaruza lami, na mzee mwenye kofia ameng'ang'ania usukani. Likaivaa nguzo ya taa.

Inspekta alipofika, mzee alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika, na mbavu pia. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, na mtaa mzima ulilijua gari lake: la kale, la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa, la kijani kibichi. Kila mwenye macho alikuwa amewahi kumwona akilifuta vumbi kama mtu anayemfuta mtoto makamasi.

Inspekta alisimama kando ya lile gari akasali kimoyomoyo, kama alivyozoea kabla ya kuanza kazi. *Mungu wangu, nisimwonee mtu.* Kisha akachuchumaa.

Gurudumu lililochomoka lilikuwa la mbele, kushoto. Magurudumu ya gari hilo hayashikwi na nati ndogo nyingi kama ya magari mengine. Kila moja hushikwa na nati moja kubwa katikati, yenye masikio mawili yaliyochomoza, na fundi hugonga masikio hayo kwa nyundo ili kukaza au kulegeza. Nati ya kushoto haikuwepo. Koplo aliitafuta barabara nzima asiione. Hatimaye ilipatikana nyumbani kwa mzee, kwenye majani, hatua chache kutoka mlango wa banda la gari.

"Kwa hiyo ilidondoka hata kabla hajatoka getini," Inspekta alisema. "Alipolirudisha gari kinyumenyume kutoka bandani, ikamalizika kufunguka. Gurudumu likabaki limening'inia kwenye habu, kile kitovu kinachovikwa gurudumu, mpaka kona ya kwanza kali."

Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi. "Nati haina mikono ya kujifungua," alisema. "Nani wa mwisho kuligusa gari? Fundi. Nani aligombana na mzee Jumamosi? Fundi. Kesho asubuhi namfikisha mahakamani kwa kujaribu kuua. Wewe niandalie jalada tu."

"Nipe leo, afande."

"Leo ni yako. Kesho ni yangu."

Fundi aliyekuwa akilitunza gari lile kwa muda mrefu alijulikana kwa jina la Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Hata walipomkamata, askari walimsubiri amalize kunawa mikono. Sasa alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo, mabega yameporomoka.

"Jumamosi ulifanya nini?" Inspekta alimuuliza.

"Nilitoa magurudumu yote manne, afande. Nikasafisha meno ya habu, nikapaka grisi, nikarudisha, nikakaza. Nikaondoka saa saba."

"Yalitoka kwa shida?"

"Shida ya nini? Kama jino la mtoto. Mapigo mawili matatu, yamelegea."

"Ulipiga kwa nyundo gani?"

"Ya shaba. Shaba ni laini, haiachi kovu. Mzee akiona alama ya nyundo ya chuma kwenye nati zake, siku hiyo utalala na njaa kwa maneno tu."

"Na ugomvi? Jirani alikusikia ukimwambia mzee, 'Utajuta.'"

Taratibu alifunga macho. "Nilisema, ni kweli. Alitaka kulitoa mwenyewe Jumapili. Nikamwambia, utajuta ukilitoa kabla sijalijaribu. Sisi tuna desturi, afande. Likitoka kwenye matengenezo, wa kwanza kuliendesha ni mimi. Tukabishana pale uani, watu wakapata sinema ya bure. Mwisho akasema, haya, Jumatatu ulitoe wewe. Nikajua yamekwisha." Akatazama mikono yake. "Ana kichwa kigumu kama kitako cha chungu. Yuko hai lakini?"

"Yuko hai."

"Mungu mkubwa. Mimi hata mkinifunga, lakini yuko hai."

Mlinzi wa getini alisema hakuna mgeni aliyeingia baada ya fundi kutoka, na fundi hakurudi. Ufunguo wa banda ulining'inia jikoni. Kwa hiyo, tangu saa saba Jumamosi, ndani ya ua kulikuwa na watu watatu: mzee mwenyewe aliyejipumzisha mchana, binti yake mwalimu wa chekechea, na mwanawe mkubwa mwenye duka la samani, aliyekuja kusalimia wikiendi.

Binti alimpokea Inspekta akiwa na macho mekundu. Hakuuma maneno.

"Ndiyo, nilitaka aache kuendesha. Nilimwambia, baba, siku moja nitayatoboa magurudumu yako. Andika. Wote walinisikia, hata kuku wa jirani."

"Ulikuwa wapi Jumamosi alasiri?"

"Kwenye mazoezi ya kwaya, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja. Kabla ya hapo nilikuwa hapa, nikiosha vyombo. Ufunguo ulikuwa juu ya kichwa changu. Ningetaka, ningeuchukua."

"Unajua kulegeza zile nati?"

"Baba alinifundisha nikiwa mdogo. Njoo nikuonyeshe."

Gari lilikuwa limerudishwa bandani kwa winchi, likiwa limewekwa juu ya gogo pale palipokosa gurudumu. Inspekta alikuwa ameamuru asiliguse mtu, na koplo alikuwa amekaa mlangoni kama kufuli. Banda lilikuwa safi kuliko sebule za watu wengi. Spana zilining'inia kwa ukubwa, na ile nyundo ya shaba ilikuwa mahali pake.

"Tazama," binti alisema. "Upande wa kushoto, unafungua kama nati yoyote ya kawaida. Upande wa kulia ni kinyume. Hesi zake, zile njia za skrubu, zimekatwa kwa kugeuzwa, ili gurudumu likizunguka lisijifungue lenyewe. Ukitaka kufungua, pande zote mbili, unapiga sikio la juu kuelekea mbele ya gari. Baba aliniimbisha hivyo kama sala ya chakula."

"Na asiyejua?"

"Asiyejua akienda upande wa kulia atapiga kama alivyozoea. Atakuwa anakaza huku anadhani anafungua."

Inspekta alipiga magoti kwenye sakafu baridi, akasogeza tochi karibu na nati ya mbele, kulia, upande wa dereva. Masikio yake yalikuwa yamepondeka. Alama zilikuwa kali, za nyundo ya chuma, nyingi, na zote zilikuwa upande mmoja: upande wa kukaza. Akaichukua ile nati iliyookotwa kwenye majani. Nayo ilikuwa na alama za chuma, chache tu, upande wa kufungua.

Aliipindua kiganjani. Mtu alianza na gurudumu la dereva. Akapiga, akapiga, likazidi kushika. Akahamia upande wa pili, na huko nati ikamtii. Taratibu asingekosea hivyo hata akiwa usingizini. Binti naye asingekosea.

Lakini mkuu wa kituo angesema nini? Angesema fundi mjanja alipiga vibaya makusudi ili atupoteze njia. Inspekta alizima tochi. Akasali tena, kifupi, kisha akamwambia koplo, "Niitie kaka mtu. Mwambie nina kazi ndogo ya mikono."

Mwana mkubwa aliingia bandani saa kumi jioni. Alikuwa mtu mpole wa sura, shati limepigwa pasi. Alisimama karibu na mlango, kama mgeni asiyekaribishwa kuketi.

"Pole kwa yaliyompata mzee," Inspekta alisema.

"Ahsante, afande. Tumemwachia Mungu. Yule fundi nilimwamini kama ndugu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Wewe hukuwahi kumsaidia mzee kazi za gari?"

"Mimi? Sijawahi kuligusa. Kazi hizi siziwezi."

"Basi leo ujifunze. Fundi wa polisi hajafika, na mimi nahitaji gurudumu hili la kulia liende kwa wataalamu. Nyundo ile pale. Nifungulie."

Hakuitazama hata nyundo. "Hilo halitoki, afande. Limeshika. Hata ulipige mpaka kesho, litakaa hapo hapo. Chukua la nyuma."

Ndege mmoja alitembea juu ya bati. Binti, aliyekuwa amesimama kando ya meza ya vyuma, aligeuza kichwa polepole.

"Nani amekwambia limeshika?" Inspekta aliuliza.

"Si... ajali. Gari limegonga nguzo."

"Limegonga kwa kushoto. Upande huu haujakwaruzwa hata rangi. Jumamosi saa saba gurudumu hili lilikuwa linatoka kwa mapigo mawili matatu. Tangu ajali hakuna aliyeligusa, koplo ni shahidi. Aliyejua kwamba limeshika ni yule tu aliyejaribu kulifungua kati ya Jumamosi mchana na Jumapili asubuhi, akashindwa."

"Afande, unanitega kwa neno moja?"

"Kaka," binti alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uligeuza kwenda wapi?"

"Niligeuza kama nati zote duniani zinavyogeuzwa!"

Maneno yakatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Alijifunika mdomo kwa kiganja. Binti aliketi juu ya debe la grisi.

"Ulitaka kumuua baba?"

"Si baba! Wallahi, si baba." Sasa alikuwa akilia kama mtoto. "Nilisikia mwenyewe akisema Jumatatu atalitoa Taratibu. Nilitaka gurudumu limtoke hapo getini, mbele ya macho ya baba, aone kwamba malaika wake naye hukosea. Hata angevunjika mkono, sikujali. Wewe hukuwepo mezani wiki iliyopita. Alisema akifa, gari ni la Taratibu. Alisema, 'Yeye ndiye aliyenisikiliza.' Mimi nimekaa pale, mwanawe wa kwanza, nashika kijiko."

"Ungemwambia inakuuma."

"Nimwambie lini? Jumamosi zote za utoto wangu alizimalizia humu ndani. Nilipokuwa na miaka saba niliingia nikashika usukani. Alinipiga kofi nikaanguka pale, karibu na tangi. 'Usiguse!' Sikugusa tena. Wewe ulipozaliwa alikuwa amelainika, akakushika mkono akakufundisha. Laiti angenifundisha mimi siku moja tu, ningejua nati inageuka wapi."

"Angekufundisha," Inspekta alisema taratibu, "kesho fundi angefikishwa mahakamani badala yako, na mimi nisingekukamata kamwe. Geuka, kaka. Nipe mikono."

Jioni hiyo Taratibu alifunguliwa selo. Mkuu wa kituo alimrudishia mkanda wake bila kumtazama usoni. Inspekta alipitia hospitali, kwani mzee alikuwa ameamka, na habari kama ile haipaswi kuletwa na jirani.

Alimweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza. Mzee alitazama dari. Chozi lilishuka upande wa sikio, naye hakuweza kuinua mkono kulifuta.

"Mwanangu," alisema baadaye, "andika kwamba nati niliilegeza mimi. Uzee. Nilisahau kukaza. Nani atabisha?"

"Mimi, mzee wangu. Fundi wako ameshinda kituoni leo kwa ajili ya uongo. Siwezi kuleta mwingine."

"Ni damu yangu."

"Najua."

"Kofi lile nilikuwa nimelisahau. Kweli kabisa, nilikuwa nimelisahau." Alipumua kwa shida. "Atafungwa?"

"Hakimu ndiye ataamua. Nitaandika pia uliyoyasema sasa hivi kuhusu kofi."

Muuguzi alichungulia, akaona, akarudi. Inspekta alichukua kofia yake ili aage.

"Unasali wewe?" mzee aliuliza.

"Nasali."

"Basi tuombe. Mimi leo sina kinywa."

Alivuta kiti, akaushika mkono wa mzee, uliokuwa bado na weusi wa grisi ndani ya kucha. Akainamisha kichwa. "Nianze na nani, baba?"

"Anza na fundi," mzee alisema. "Mwanangu nitamwombea mwenyewe."