Kilio cha Upande wa Pili

"Vidole, mbembeleze mtoto kwanza, tutakusubiri," msimamizi alisema kwenye kikao cha mtandaoni, tena kwa upole.

Vidole, wenzake walimwita hivyo kwa jinsi alivyochapa upesi, akaganda. Mtoto gani tena? Mwanawe walikuwa wamemzika mwezi uliopita, hata kusema hajajua. Kile kilaptopu cha bei chee, kisichohifadhi chochote kwa kuwa kazi yote iko mtandaoni, alikinunua akiwa mjamzito, ili ajibu malalamiko ya wateja huku akinyonyesha. Sasa amnyonyeshe nani, masikini wa watu?

Akatega sikio. Chumba kimya, ila palinuka maziwa yaliyochacha.

Ikawa kila kikao wenzake wanasikia kilio, yeye hasikii kitu. Jamani, adhabu gani hiyo? Akawa anawauliza kwa kunong'ona, "Analiaje? Kilio cha njaa au cha usingizi?"

Dada yake akamleta mganga, mtu wa maneno machache.

"Hili ni jini, binti yangu," alisema. "Limenusa majonzi yako. Lifukuze kwa mdomo wako mwenyewe. Ila likikuita usiitike. Ukiitika, litakuchukua, na hapo mimi sina langu."

Kwa kuwa wenye kusikia walikuwa kule upande wa pili wa mtandao, wakampigia msimamizi kwa kilaptopu kile awasikilizie. Mganga akaanza kusoma, na harufu ya maziwa ikazidi mpaka dada mtu akaziba pua, na kitanda kidogo pale pembeni, ambacho hakuna aliyethubutu kukitoa, kikaanza kuyumba polepole, kama kinavyoyumba mtoto anapojigeuza, na Vidole akakitazama huku machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

"Toka," akasema. "Toka kwangu."

"Amenyamaza," msimamizi akanong'ona. Kisha, "Hapana, ngoja. Anaongea. Vidole… anasema 'Mama'."

"Mwanao alikuwa hajajua kusema," mganga akadakia. "Huyo si wako. Funga hiyo kompyuta."

Vidole alilijua hilo kuliko mganga. Mwanawe hakuwahi kumwita mama hata mara moja. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu tumboni, na leo limekuja, amelisikia mtu baki, yeye hakulisikia.

Akainama, midomo ikakaribia kugusa kioo.

"Abee, mwanangu."