Inatosha, Alisema Kaari

Kila siku ya shule, Kaari alimsaidia mama yake kupeleka maziwa barabarani, akanawa miguu, kisha akapita kwa kina rafiki yake Ruguru ili waende shuleni pamoja. Njia za kijiji chao cha Kibugu huwa na umande mwingi kando ya mashamba ya chai, na wasichana hao walifika darasani soksi zikiwa zimelowa. Walikuwa gredi ya sita, na waliketi dawati moja.

Jumatatu hiyo Mwalimu Mugendi alirudisha insha za Kiingereza. Kila mwanafunzi alikuwa ameandika hotuba ya kuwakaribisha wageni siku ya kufungua maktaba ya shule. Aliyeandika vizuri zaidi ndiye angeisoma yake Ijumaa mbele ya wazazi. Kaari hakuwa na shaka. Alikuwa ameishi mjini Nakuru kwa shangazi yake, na alijua hakuna aliyemshinda kusema Kiingereza.

Chini ya insha yake kulikuwa na maneno ya wino mwekundu: "Fairly well done."

"Mwalimu, hii 'fairly' ni nini?" aliuliza Kithaka, ambaye pia aliandikiwa hivyo.

"Ni vizuri kiasi," alijibu mwalimu. "Kuna 'fairly', kuna 'quite', kuna 'well enough'. Ni maneno ya kazi inayotosha, lakini haijafika mbali. Kaari, wewe unaweza zaidi. Hii uliiandika kwa haraka."

Ilikuwa kweli. Aliiandika juu ya goti akingoja kengele.

"Atakayesoma ni Ruguru," mwalimu akaendelea. "Hotuba yake imenipendeza sana. Ruguru, mimi naenda semina Embu mjini mpaka Ijumaa. Kila jioni usome kwa sauti, na utafute mtu wa kukusikiliza."

Kithaka akamgeukia Kaari. "Pole, mtu wa Nakuru. Umepitwa na mtu wa hapa hapa."

Darasa likacheka. Kaari alicheka pia, ila moyo ulimchoma. Tangu saa hiyo kila kitu cha Ruguru kilimuudhi: vile alivyokunja mikono ya sweta, vile alivyopanga vitabu, hata vile alivyokuwa mpole baada ya kusifiwa.

Jioni Ruguru akamwendea yeye. "Wewe ndiwe unayejua kusema kama watu wa mjini. Nisikilize, tafadhali. Nikikosea uniambie."

Walienda nyuma ya darasa, Ruguru akasoma. Hotuba ilikuwa nzuri kweli, na hilo ndilo lililomuuma Kaari. Lakini Ruguru alisoma mbio kama mtu anayeteremka mlima. Alimeza mwisho wa maneno, sauti ikawa ya chini, na macho hayakutoka kwenye karatasi. Kaari aliyaona yote.

"Nimesomaje?"

"Quite well," alisema Kaari.

"Kweli? Hakuna pa kurekebisha?"

"Inatosha. Soma hivyo hivyo."

Ruguru akamshukuru, akamkatia nusu ya ndizi yake. Kaari aliila, lakini haikushuka vizuri. Jumanne alisema vivyo hivyo, na Jumatano. Akilini aliona wageni wakinong'onezana na Kithaka akicheka. Picha hiyo ilimpa raha, kisha ikamtia hofu, kisha ikampa raha tena.

Alhamisi baada ya shule alienda kuchuma majani chai na mama yake. Mikono ilichuma, mawazo yalikuwa kwingine. Mama alipomwaga kikapu cha Kaari juu ya gunia, aliinua jani moja pana, gumu.

"Hili ni nini? Si tunachuma majani mawili na chipukizi?"

"Mama, si yanatosha? Mabaya ni machache."

"Ningekuambia yanatosha, ungeenda na furaha mpaka kituo cha kununulia chai. Halafu karani ayamwage mbele ya watu, atuambie turudi nayo nyumbani. Hapo ungenishukuru?"

Kaari alipiga magoti akaanza kuchambua. Mikono yake ikasimama.

"Mama, nimemwambia Ruguru inatosha."

"Nini inatosha?"

Akaeleza yote. Mama hakupaza sauti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama mlimani.

"Jua bado lipo. Majani nitamalizia mimi. Wewe nenda kwa Ruguru, na usizungukezunguke na maneno."

Ruguru alikuwa akimkatia ng'ombe nyasi za nepia. Aliposikia kwamba alikuwa akisoma mbio na kumeza maneno, panga lilibaki mkononi bila kukata.

"Siku zote hizo unanisikiliza, na ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Nilikuonea wivu. Nisamehe."

"Na ndizi yangu ukala."

"Nikala."

Ruguru aliliweka panga chini. Kisha akafuta mikono kwenye sketi, akaenda kuleta karatasi. "Simama kule kwa zizi. Nisiposikika, sema."

"Sijasikia," Kaari aliita. Baadaye: "Polepole. Inua macho, uniangalie mimi." Walirudia mpaka giza likaingia na mama yake Ruguru akawauliza kama ng'ombe naye atajifunza Kiingereza.

Ijumaa Ruguru alisimama mbele ya wageni. Alianza vizuri, kisha woga ukamshika, akaanza kukimbiza maneno. Akainua macho. Nyuma ya umati Kaari alikuwa amesimama, akishusha mkono wake taratibu. Ruguru akavuta pumzi, akapunguza mwendo, na hata wazee waliokaa mwisho wakasikia kila neno. Watu walipiga makofi.

"Umesoma vizuri sana," alisema Mwalimu Mugendi. "Nani alikusikiliza?"

"Ni Kaari," alijibu Ruguru. "Siku ya mwisho."

Uso wa Kaari uliwaka, lakini hakuinamisha kichwa.

Njiani kurudi nyumbani mama yake Kaari alitembea katikati ya wasichana hao wawili. "Mungu akimpa mwenzako, hajachukua chako," alisema. "Rafiki akikuuliza, mwambie ukweli, hata kama moyo unakuuma. Na kazi yako mwenyewe, Kaari, usiseme inatosha kabla hujaifanya kwa nguvu zako zote."

"Ndiyo, mama." Kaari akamgeukia Ruguru. "Nitaiandika upya ile insha yangu. Utanisikiliza nikisoma?"

"Nitakusikiliza," alisema Ruguru. "Lakini ndizi utaleta wewe."