Skrini ya Uongo

Ukurasa wa kwanza ulitoka kwenye printa na rangi moja iliyozidi, kwenye mstari wa juu. Mwantum alizijua rangi za msimbo wake: amri buluu, maelezo kijani, namba zambarau. Huu mstari ulikuwa mwekundu, wino haujakauka, na ulinuka ubani.

Alikuwa kwa mjomba wake Hamimu, mwenye duka la fotokopi pale mtaa wa Mutanga Sud. Saa tisa jopo la chuo lilimtaka na msimbo wote wa programu yake, umechapwa kwa rangi. Mwaka jana alianguka; akianguka tena, anafukuzwa. Na skrini ya kompyuta yake ilikuwa imekufa asubuhi ile. Basi binti jeuri akaandika amri kwa kukariri, bila kuona kitu. Programu yake ya kuandikia haitoi rangi isipopata skrini, naye akaidanganya: akaiwashia skrini ya uongo, iliyomo ndani ya mashine tu, isiyoonwa na jicho la mtu.

Mstari ule ulisema: Umeingia kwangu bila hodi.

"Mujomba, mi sikuandika hii," alinong'ona.

Hamimu akasoma. "Ulisema bismillahi ulipoifungua?"

"Ni skrini tu, mujomba!"

"Nyumba yenye haina mutu tunaisalimia kwanza. Mara ngapi nimekuambia? Chomoa waya!"

"Apana! Nikichomoa, saa tisa itanikuta mikono mitupu."

"Basi usiguse kitu. Naenda kumuita shehe Khaled."

Mwantum akabaki peke yake, na printa, ambayo hakuna aliyeiamuru, ikaanza kuvuta karatasi polepole, ubani ukageuka harufu ya nywele zinazoungua, na nyuma ya kisogo chake kitu kikawa kinahema, kikivuta pumzi kila printa ilipovuta karatasi, hadi ukurasa ukamdondokea magotini, mwekundu mtupu, sentensi moja ikirudiwa juu mpaka chini: Nipe jina lako, nikupe kurasa zako.

Saa nane na dakika arobaini. Lahaula! Mwenye akili zake angetimua mbio. Mwantum aliogopa hadi machozi yakamtoka, lakini kufukuzwa alikuogopa zaidi. Akaandika: Chukua.

Kurasa mia na mbili zikatoka, safi, kila rangi mahali pake. Akainama kutafuta bahasha chini ya meza. Alipoinuka, trei ya printa ilikuwa tupu, na Hamimu alikuwa anaingia na shehe.

"Mujomba! Kurasa zangu ziko wapi?"

Hamimu akasimama, akamtazama kwa adabu anayopewa mteja. "Karibu, dada. Unataka fotokopi?"

"Ni mimi, Mwantum!"

"Mwantum tumepishana naye hapo mulangoni sasa hivi, amebeba karatasi zake, anacheka." Akamsogelea shehe kama anayejikinga, akashusha sauti. "Dada, we ni mutoto wa nani?"

Alifungua mdomo amtaje baba yake, na jina halikuja; akajaribu lake mwenyewe, nalo lilikuwa limeshaondoka.