Maua ya Babu kwenye Diski ya Zamani

Kila akitoka shuleni, Chapuchapu alivua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha ushonaji cha bibi yake. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, kwa kuwa hata chai aliinywa kabla haijapoa. Chumbani mlikuwa na cherehani ya kudarizi na kompyuta iliyoiongoza. Kompyuta hiyo ilikuwa kongwe. Ukiiwasha, ungeweza kufua shuka na kulianika kabla haijawa tayari.

Ndani yake mlikuwa na programu ya kudarizi, na ndani ya programu hiyo, maua aliyoyachora marehemu babu. Chapuchapu alikumbuka alivyokuwa akipakatwa mbele ya kioo cha kompyuta ile, babu akimuuliza, "Haya bibie, ua hili tulivishe rangi gani?" Siku zile zilikuwa tamu. Sasa babu hakuwapo, na kampuni iliyouza programu ile nayo ilikwisha fungwa. Bibi aliendelea kuyadarizi maua yale kwenye mashuka na vitambaa vya meza.

Jumamosi moja mjomba, fundi wa kompyuta, alikuja kufunga diski mpya ya SSD, zile zisizozunguka. Kompyuta ikawaka kufumba na kufumbua. Diski ya zamani aliiacha ndani kwanza.

"Mpwa wangu," mjomba alimwambia Chapuchapu, "fungua kila programu ya diski ya zamani, uone kama inafanya kazi hapa. Usiniambie tayari kabla hujajaribu. Nikishaichukua, naifuta nimfungie mteja mwingine."

Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita. Chapuchapu aliziburuta zile alama ndogo za programu, akazipanga kwenye kioo. Zilionekana vilevile kama zamani, naye akaona imetosha.

"Umejaribu zote?" mjomba aliuliza.

"Zote, mjomba. Tayari!"

Mjomba akaichomoa diski ya zamani, akaitia mkobani na kuondoka.

Jumatatu jioni bibi aliketi kudarizi. Alibofya alama ya programu. Kompyuta ikajibu: haipatikani. Akabofya tena na tena, jibu likawa lilelile. Akampigia simu mwanawe, akaiweka kwenye spika.

"Fundi gani wewe? Umenipotezea maua ya baba yako!"

"Nisamehe, mama," mjomba alijibu. "Labda nilikosea mahali."

Hakuna aliyemshuku Chapuchapu. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Lakini kumsikia mjomba akiomba radhi kwa kosa asilolifanya kulimchoma moyo.

"Bibi, si mjomba," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Sikujaribu hata moja."

 Mjomba akapaza sauti kwenye simu: "Kumbe! Basi tulieni. Diski iko hapa mezani, ndiyo kwanza nilikuwa naiunganisha niifute. Nakuja."

Alifika akihema. "Njia ya mwongo fupi, mpwa wangu," alimwambia Chapuchapu akiifunga diski. "Wewe ulihamisha bango la duka. Duka lenyewe lilibaki kule."

Alijaribu kuifungua programu kutoka diski ya zamani, ikagoma, kwa kuwa ilitegemea mambo mengine yaliyowekwa pamoja nayo tangu mwanzo. Ndipo akaizima kompyuta na kuiwasha upya, safari hii kwa kutumia diski ileile ya zamani. Ikaanza kunguruma na kujikongoja kama desturi yake. Hakuna aliyelalamika. Hatimaye programu ikafunguka, na maua ya babu yakajaa kwenye kioo. Bibi alicheka huku akijifuta machozi.

"Ziache zote mbili humohumo," alisema. "Mpya kwa kazi nyingine, ya zamani kwa kudarizi. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Sikiliza, Chapuchapu. Ukisema umejaribu, uwe umejaribu kweli, maana wenzako wanalitegemea neno lako. Maua yangepotea ningelia, halafu ningenyamaza. Lakini ningemlaumu mwanangu mpaka naingia kaburini, kwa kosa lisilo lake. Leo umeniokoa na hilo."